Sheria Iliyovunjwa Khartoum

Linapotajwa neno ukomunisti, wengi wetu fikra zetu hukimbilia Moscow na Beijing. Aghalabu tunasahau kwamba mojawapo ya vyama vya kikomunisti vilivyokuwa na nguvu zaidi barani Afrika kilikuwa Sudan, nchi ambayo hadi mwaka 2011 ilipakana na Kenya na Uganda. Habari zake zimenifikirisha kwa muda mrefu.

Chama hicho kilizaliwa mwaka 1946, wakati Sudan ikitawaliwa na Uingereza kwa ubia na Misri. Wengi wa waanzilishi wake walikuwa wanafunzi, lakini nguvu yake ilitoka Atbara, mji wa reli, ambako wafanyakazi walijifunza kugoma kwa pamoja. Oktoba 1964 mgomo mkuu uliiangusha serikali ya Jenerali Ibrahim Abboud, na wakomunisti walikuwa mstari wa mbele. Katika uchaguzi wa 1965 walipata viti 11 kati ya 15 vilivyotengewa wasomi. Mwaka huo Fatima Ahmed Ibrahim, mwanachama wao, akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika bunge la nchi hiyo.

Hapo ndipo ulipoanza mkasa. Mwishoni mwa 1965 mwanafunzi mmoja, aliyesemekana kuwa mkomunisti, alidaiwa kuwatukana watu wa nyumba ya Mtume. Maandamano yakazuka. Wapinzani wa wakomunisti bungeni wakaibadili katiba, wakakipiga marufuku chama kizima na kuwafukuza wabunge wake. Chama kikaenda mahakamani. Desemba 1966 Mahakama Kuu ikaamua kwamba marufuku ile ilikuwa batili. Serikali ikaupuuza uamuzi huo, na Jaji Mkuu, Babikir Awadalla, akajiuzulu.

Sasa, msomaji, zingatia yaliyofuata. Mei 25, 1969 Kanali Jaafar Nimeiri alitwaa madaraka kwa nguvu. Na waziri mkuu wake wa kwanza alikuwa nani? Awadalla yule yule! Baadhi ya wakomunisti wakaingia serikalini, akiwamo Joseph Garang, mwanasheria kutoka Kusini. Katibu Mkuu wao, Abdel Khaliq Mahjub, hakuwaamini wanajeshi kiasi hicho, na chama kikagawanyika. Vyama vilivyowafukuza wakomunisti navyo vikapigwa marufuku. Imamu al-Hadi al-Mahdi, kiongozi wa Ansar, akauawa mwaka 1970.

Kisha zamu ikawarudia wakomunisti. Nimeiri alipowageuka, maofisa waliokuwa karibu nao, wakiongozwa na Meja Hashim al-Atta, walimpindua Julai 19, 1971. Utawala wao ulidumu siku tatu tu. Nimeiri aliporejea, Mahjub na Garang walinyongwa, pamoja na Shafi Ahmed al-Sheikh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mume wa Fatima.

Mtu aweza kuupenda ukomunisti au kuuchukia. Somo hili linamhusu vile vile. Anayenyimwa haki yake bungeni, kisha akashinda mahakamani na bado akanyimwa, huanza kusikia mlio wa buti za askari kwa matumaini. Na askari akishaingia hawachagulii adui zake tu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Waliokichimba kile cha Khartoum walitangulia kuzama, na waliochimbiwa wakafuata.