Ukuta Tuliotaka Kuuvunja



Tulipokodi fremu Mji Mkongwe, tulitaka kuvunja ukuta wa mbele tuweke dirisha kubwa la vioo, magauni yaonekane. Bibi jirani akatuambia, "Wanangu, ombeni kibali kwanza." Tulinuna.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana kumbi zetu ni ndefu na nyembamba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikagawanywa vyumba vyumba, matengenezo yakasahauliwa, zikaanza kuanguka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, 1994 ukaja mpango mkuu, na 2000 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia.

Masharti yapo: usiongeze ghorofa wala usibadili mlango kwa matakwa yako, na usipige saruji juu ya chokaa. Hili la saruji sisi washonaji tulilielewa upesi. Chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukamong'onyoka. Ni kama kumvisha bibi harusi nailoni mwezi wa Februari!

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, ilianguka ikiwa katika ukarabati. Watu walikufa, Allah awarehemu. Siku ile tuliutazama ukuta wetu kwa jicho jingine.

Hatukuuvunja. Magauni tunayatundika mlangoni, juu ya baraza.