Siasa ilipokuwa upole: Neno moja katika magazeti makuukuu

Miaka mingi iliyopita, nikiwa katika utafiti mjini Mombasa, bibi mmoja mzee alinitolea kutoka uvunguni mwa kitanda bunda la magazeti yaliyokuwa yamegeuka rangi ya chai. Kabla sijayagusa akaniambia: “Yafunue kwa siasa, mwanangu.” Mimi na shahada zangu nikacheka, nikidhani ananitania kwa kuwa ukurasa wa kwanza ulijaa habari za uchaguzi. Kumbe hakuwa na mzaha. Alikuwa akinionya niyafunue taratibu, yasije yakachanika.

Kwa Wakenya wengi leo, siasa ni kelele za majukwaani. Ukisema “hiyo ni siasa tu,” umemaanisha maneno matupu. Hata wafanyakazi wasiopatana husemekana wameingiliwa na “siasa za ofisini.” Lakini hebu fungua kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya 1939 inayofungamana na jina la Frederick Johnson, ambayo ilijengwa juu ya kazi ya A. C. Madan. Humo siasa ni utaratibu, upole na uangalifu. Kusema na mtu kwa siasa ni kusema naye bila kumkwaza.

Tumelipata neno hili kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kumtunza na kumfunza farasi, na pia kuwaongoza watu. Kutoka mzizi uo huo tunalo neno saisi, yaani mtunza farasi. Siasa na saisi, basi, ni ndugu. Na saisi hodari hamwendei farasi kwa pupa. Humzoesha polepole mpaka amkubali. Bibi yule wa Mombasa alikuwa karibu zaidi na asili ya neno kuliko mimi msomi.

Je, maana ya pili ilipataje kuizidi nguvu ya kwanza? Sehemu kubwa ya jibu imo magazetini. Magazeti ya awali ya Kiswahili yalikuwa mikononi mwa wamishonari na serikali za kikoloni: Msimulizi lililoanza Zanzibar mwaka 1888, Kiongozi lililoanza Tanga mwaka 1904, kisha Mambo Leo lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923. Wenye magazeti hayo hawakuwa na haja ya kumpa msomaji Mwafrika uwanja wa kuuliza nani amempa nani mamlaka ya kutawala.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalibadilika. Kenya African Union (KAU), kilichoasisiwa mwaka 1944, kilikuwa na gazeti lake, Sauti ya Mwafrika. Kule Tanganyika, TANU ilizaliwa mwaka 1954. Kazi ya kudai haki ilihitaji jina, na jina lilikuwa siasa. Lakini hapa Kenya hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952, KAU kikapigwa marufuku mwaka uliofuata, na vyama viliporuhusiwa mwaka 1955 vilifungiwa katika wilaya. Mtu aliyeitwa wa siasa alikuwa mtu wa kuchungwa. Si ajabu neno la upole likaanza kunuka hatari. Baadaye, enzi za chama kimoja, tukakariri “siasa mbaya, maisha mabaya,” na mara nyingi mbaya ilikuwa ile isiyompendeza mkubwa.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayepekua magazeti ya zamani akikuta kwamba mzee fulani “alimjibu DC kwa siasa,” asikimbilie kuandika kwamba mzee alikuwa mpinzani wa serikali. Huenda alijibu kwa adabu tu. Kosa la neno moja linaweza kumgeuza mtu mpole kuwa mwanaharakati, au kinyume chake, na historia ikaandikwa upya bila mtu kujua. Atazame tarehe, atazame mwenye gazeti ni nani, kisha asome barua za wasomaji na matangazo ya biashara, maana huko ndiko watu walikoandika walivyosema. Kamusi hulifuata neno kutoka nyuma. Gazeti hutembea nalo bega kwa bega.

Tatizo ni kwamba karatasi ya gazeti haikutengenezwa idumu. Hukauka, ikamomonyoka, na mchwa hawajui kusoma tarehe. Nakala nyingine zimebaki katika nyumba za watu, chini ya vitanda kama kile cha bibi. Ikiwa unazo kwako, usiwashie jiko. Zipeleke kwenye maktaba au hifadhi ya nyaraka iliyo karibu nawe.

Na ukizifunua, tafadhali, zifunue kwa siasa.