Tarehe ya Kishikwambi na Chipu Zake

Siku ya Ijumaa, tarehe 26 Aprili 1985, mjini Cambridge nchini Uingereza, mafundi wa kampuni iitwayo Acorn walipokea kutoka kiwandani chipu ya kwanza iliyosanifiwa na wenzao wawili, Sophie Wilson na Steve Furber, wakaipachika mahali pake, nayo ikaanza kazi bila ya ukaidi wowote. Lakini Furber alipotia kipimo ili ajue yala umeme kiasi gani, kipimo kikamwonyesha sifuri. Walipochunguza wakagundua kwamba njia ya kuipelekea umeme haikuwa imeunganishwa, na kwamba chipu ile ilikuwa ikijiendesha kwa umeme kidogo uliovuja kutoka katika nyaya za ishara, mfano wa mgeni aliyesahauliwa kupakuliwa akashiba kwa harufu ya jikoni. Ilikuwa na transista 25,000 hivi, idadi iliyokuwa ndogo hata kwa zama zile, wala uchache wa kula umeme haukutokana na mtu yeyote kuota habari za kompyuta ya kushikwa mkononi: walichotaka ni chipu isiyopata joto jingi, ipate kufungwa ndani ya plastiki iliyo rahisi badala ya kauri iliyo ghali. Sifa iliyokuja kuifanya mashuhuri ulimwenguni ilizaliwa na ubahili.

Ukoo wa chipu hiyo, uitwao ARM, ndio uliozaa takriban vichakataji vyote vya vishikwambi vinavyouzwa leo, nami nauanzia mbali hivi kwa kusudi, kwani swali liulizwalo kila kampuni itoapo kishikwambi kipya, yaani je, chipu mpya yatosha kuwa hoja ya mtu kuweka kando alicho nacho akanunua kingine, aghalabu hujibiwa kwa tarakimu za mwaka huu peke yake, ilhali jibu lake limekuwa likigeuka kwa nyakati, na mtu asiyeijua tarehe yake hudhani kwamba lililokuwa kweli mwaka 2011 ni kweli hata sasa. Neno kishikwambi limezoeleka zaidi Tanzania, na wengine husema tableti. Waarabu wamekipa jina la lauhi, yaani ubao, nasi watu wa pwani twaujua ubao wa aina hiyo tangu utotoni, ule wa chuoni ulioandikwa kwa wino na kuoshwa kwa maji somo likiisha kuhifadhiwa, ambao babu aliweza kumrithisha mjukuu pasi na kuulizwa umechongwa mwaka gani.

Fikra ya ubao wa umeme ni kongwe kuliko chipu ya Cambridge. Mwaka 1972 Alan Kay, mtafiti wa kampuni ya Xerox huko California, aliandika makala ya kueleza kompyuta ya watoto iliyo bapa kama daftari, akaiita Dynabook, nayo haikupata kutengenezwa kama alivyoieleza kwa kuwa vyombo vya kuiwezesha havikuwapo. Novemba 1990 Acorn, Apple, na VLSI iliyoitengeneza ile chipu ya kwanza, wakashirikiana kuanzisha kampuni ya ARM, mafundi 12 wakawekwa katika ghala la shamba katika kijiji cha Swaffham Bulbeck. Na haja ya Apple katika ushirika huo ilikuwa Newton, kifaa cha kuandikia kwa kalamu kilichotoka 1993 kikiwa na chipu ya megahezi 20, ambacho kilidaiwa kuwa chaweza kusoma mwandiko wa mtu na mara nyingi kikausoma sivyo, hata wachora vibonzo wakakifanyia mzaha magazetini. Newton ya 1997, iliyotiwa chipu ya megahezi 162 na programu iliyotengenezwa upya, ilisoma vizuri zaidi, lakini jina lilikuwa limekwisha kuharibika, na mwaka uliofuata Steve Jobs, kiongozi wa Apple, akakizika kifaa hicho.

Jobs huyo huyo, tarehe 27 Januari 2010 mjini San Francisco, akaidhihirishia dunia iPad, yenye bei ya kuanzia dola 499, na ndani yake chipu ya A4 yenye kiini kimoja cha gigahezi 1. Watu walisimulia wepesi wa kioo chake. Walichonyamazia ni RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, iliyokuwa megabaiti 256 tu, kiasi ambacho mtu akifungua kurasa mbili tatu za intaneti ile ya kwanza hutupwa nje ili ya tatu ipate mahali pa kukaa. Mwaka mmoja baadaye ikaja iPad 2 yenye chipu ya A5, viini viwili badala ya kimoja, na RAM maradufu. Na tofauti yao haikuhitaji kupimwa kwa ala yoyote, ilionekana kwa macho. Kisha mwezi wa Septemba 2012 mfumo endeshi mpya ukaikataa kabisa iPad ya kwanza, ilhali haijatimiza miaka miwili na nusu tangu kuuzwa. Aliyebadilisha mwaka 2011 hakula hasara, na insafu yatutaka tukiri hivyo, hata sisi tusiopenda kusikia kwamba muuzaji alisema kweli.

Ama kisa kilichonifundisha zaidi ni cha mwaka 2012. Mwezi wa Machi Apple walitoa iPad ya tatu, yenye kioo chenye pikseli 2,048 kwa 1,536, yaani mara nne ya zile za kioo cha kwanza, na herufi zake zilikuwa nyororo kama zilizopigwa chapa kwenye karatasi njema. Lakini kila pikseli ni mdomo unaotaka kulishwa, na chipu waliyoipa, A5X, iliongezewa nguvu upande wa michoro tu, huku viini vyake vikuu vikibaki vile vile viwili vya mwaka uliotangulia. Ikabidi betri ikuzwe kutoka saa-wati 25 hadi 42.5, kifaa kikanenepa na kuwa kizito kuliko ndugu yake mkubwa, kikawa kikipata joto mkononi na kuchukua muda mrefu kuchaji. Basi tarehe 23 Oktoba ya mwaka ule ule, miezi saba tu baadaye, ikatangazwa iPad ya nne, kioo kile kile, umbo lile lile, na chipu mpya ya A6X, na ile ya tatu ikaondolewa sokoni kama bidhaa iliyooza. Mnunuzi wa Machi na mnunuzi wa Oktoba walitoa fedha sawasawa. Hapa twaona kwamba chipu haipimwi peke yake, hupimwa kwa mzigo iliotwikwa: A5 iliyokuwa hodari katika iPad 2 ilikuwa dhaifu ilipobebeshwa kioo cha mara nne, mfano wa punda mwenye nguvu za kutosha kubeba maji ya nyumba moja akipelekwa kuhudumia mtaa mzima. Na ile iPad 2, iliyodharauliwa kwa kioo chake, iliendelea kuuzwa mpya hadi Machi 2014, na kupokea mifumo mipya hata 2016, ingawa mwishoni ilijikokota.

Tangu hapo mambo yaligeuka taratibu bila ya watu wengi kutambua. Novemba 2013 ilikuja iPad Air na chipu A7 ya biti 64, ambayo faida yake haikuonekana siku ile, ila ilionekana 2017 pale mfumo endeshi ulipokataa programu zote za biti 32 na kuviacha ufukweni vishikwambi vyote vilivyotangulia. Na Oktoba 2014 ikaja iPad Air 2, yenye A8X ya viini vitatu na RAM ya gigabaiti 2, nayo iliendelea kupokea mifumo mipya mpaka ule wa 2021, umri ambao iPad ya kwanza haikuufikia hata kwa theluthi. Wenye vishikwambi wakaona hawana haja ya vipya. Katika mwaka wa fedha 2013 Apple waliuza iPad zaidi ya milioni 70. Kufikia ule wa 2017 hazikuzidi sana milioni 43, wala haikuwa kwa sababu chipu zilikuwa mbovu, bali kwa sababu zilizokwisha kuuzwa zilikuwa njema. Ni msiba wa ajabu kwa mfanyabiashara kuuza kitu kizuri.

Wala tusidhani kwamba kishikwambi kinachojikokota daima kina ugonjwa wa chipu. Nexus 7, iliyotolewa na Google mwaka 2012 kwa dola 199, ilikuwa na chipu ya viini vinne, jambo la fahari kwa bei ile, lakini baada ya miezi michache wengi waliona yaanza kuduwaa, na kosa lilikuwa katika hifadhi yake ya mafaili: sehemu zilizofutwa hazikuwa zikisafishwa sawasawa, hata kila kuandika upya kukawa kazi. Toleo la Android 4.3 la mwaka 2013 lilileta usafishaji huo, kifaa kikachangamka, na chipu ilikuwa ile ile.

Aprili 2021 Apple walitia ndani ya iPad Pro chipu ya M1, ile ile iliyokuwa katika kompyuta zao za mezani, yenye transista bilioni 16, pamoja na RAM iliyofika gigabaiti 16 kwa anayelipa zaidi. Na wakati huo huo mfumo wao wenyewe haukuruhusu programu moja kutumia zaidi ya gigabaiti 5 hivi. Ni kufunga mashine ya meli katika ngalawa, kisha kumkataza nahodha asivuke mlango wa bandari. Mwaka uliofuata walitangaza utaratibu mpya wa kufungua madirisha mengi kwa pamoja, uitwao Stage Manager, wakasema wawezekana kwa wenye M1 tu. Watu wakalalamika, na mwezi wa Septemba iPad Pro za 2018 na 2020 nazo zikaruhusiwa, isipokuwa kwa kutumia kioo cha nje. Na zilipokuja huduma zao za akili unde mwaka 2024, M1 ya 2021 ilikubaliwa, lakini iPad ya bei nafuu iliyotoka Machi 2025 na chipu ya A16, changa kwa M1, ilikataliwa. Ukitazama orodha ya vilivyokubaliwa waona kwamba kila kimoja kina RAM ya gigabaiti 8 au zaidi, na kile kilichokataliwa hakina. Jina la chipu hutangazwa kwa sauti kubwa, RAM hutajwa kwa nadra.

Huku kwetu vishikwambi vingi vimeingia kwa njia ya serikali. Kenya ilihesabu watu wake kwa vishikwambi mwezi wa Agosti 2019, na Tanzania tarehe 23 Agosti 2022, na vile vya Tanzania baada ya sensa vikagawiwa walimu. Kazi ya karani wa sensa ni kujaza majibu, kuyahifadhi na kuyapeleka, na kwa kazi hiyo chipu ya bei ya chini yatosha na kubaki. Kinachomtaabisha karani kijijini ni betri na mtandao, na mwalimu aliyekirithi hutaabishwa na kioo kilichopasuka. Kwa mtu wa namna hiyo, chipu yenye transista bilioni 28, kama M4 ya mwaka 2024, ni habari ya kusoma tu. Mhariri wa filamu, au mchoraji mwenye turubai ya matabaka mengi, huyo ana haki ya kuihesabu, kwani kila dakika anayongoja aijua thamani yake.

Juzi alinijia mpwa wangu, akasema, "Mjomba, hiki changu kimezeeka, chipu yake ni ya zamani," akitaka nimsaidie fedha. Nikamwuliza ni kazi gani kimekataa kumfanyia. Akafikiri, akasema hakuna, ila huzima mapema, yaani chaji haifiki adhuhuri. Tukaenda kwa fundi wa simu mtaani, ambaye alilalamika sana kuhusu gundi walizotumia kukifunga, akapasha moto kingo zake kwa subira ya saa nzima, akabadilisha betri. Sasa chadumu mpaka magharibi, ingawa nimemwona mpwa wangu akikitumia hicho hicho kutazama matangazo ya kile kipya.