Mseto: kutoka sufuriani hadi serikalini

Mpishi aliyerudi kazini magharibi hana nafasi ya kuinjika sufuria tatu. Katika mwambao wa Waswahili, sufuria moja humtosha: hupika mseto, yaani mchele na choroko pamoja.

Choroko hutangulia, kwa kuwa hukawia kuiva. Zikishaanza kupasuka, mchele hufuata, kisha chumvi na tui la nazi. Mwiko hupitishwa mara kwa mara mpaka chakula kiwe laini, kizito, cha kushikana. Samaki wa kukaanga pembeni, na shughuli imekwisha. Wahindi nao wana ndugu yake, khichdi.

Mwiko huo ndio unaolieleza neno. Kuseta ni kuponda kitu mpaka kilainike, na mseto ni kilichosetwa. Pilau nayo ni chakula cha sufuria moja, lakini mpishi wake hujivunia punje zinazoachana, kwa hiyo haiitwi mseto.

Siku hizi neno limetoka jikoni. Anayepanda miti na mazao katika shamba moja anafanya kilimo mseto. Mgonjwa wa malaria hupewa dawa mseto, tembe moja yenye dawa mbili.

Mwaka 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walipogawana madaraka nchini Kenya, magazeti yaliandika "serikali ya mseto". Mitaani watu walichagua chakula kingine: "nusu mkate", kitu kinachokatwa, kila mmoja akaondoka na kipande chake.