Stesheni ya Kigoma: Jumba la Mwisho wa Reli

Ukiteremka Barabara ya Lumumba kutoka Mwanga, chini ya miembe, unafika mahali ambapo barabara inakoma na jumba jeupe la matao linakuzibia njia. Hiyo ndiyo stesheni. Watanzania wengi ambao hawajawahi kufika Kigoma wanaijua kwa maneno matatu, mwisho wa reli, na maneno hayo yalizaliwa hapa.

Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1912 ilikuwa Tabora, na tarehe 1 Februari 1914 ikafika ziwani, kilomita 1,250 hivi kutoka pwani. Wakati huo mji ulikuwa Ujiji: soko la pembe na la watumwa, kituo cha misafara, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini ufuko wa Ujiji una kina kifupi, na reli ilitaka ghuba ya kupokea meli kubwa. Kigoma ilikuwa nayo. Ujiji ikaachwa pembeni na misikiti yake na mitaa yake ya Wamanyema, na mji mwingine ukaota kulizunguka jumba hili.

Wajerumani walilijenga kama watu waliokusudia kukaa. Walikaa miaka miwili na nusu. Julai 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walipokuwa wakikaribia, Wajerumani waliizamisha Goetzen, meli iliyokuja imefungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikafika kwa reli na kuunganishwa ghubani. Waingereza waliiopoa mwaka 1924. Tangu 1927 inaitwa Liemba, na abiria wa treni wakawa abiria wa meli.

Hayo husimuliwa sana. Mimi navutwa zaidi na walioketi chini ya matao haya wakingoja. Enzi za Waingereza, vijana wa Kiha kutoka Kasulu na Kibondo waliandikishwa kuwa manamba, wakapanda treni kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Kwa msafiri wa Dar hapa palikuwa mwisho; kwao palikuwa mwanzo, na si wote waliorudi. Mwaka 2008 walishuka hapa Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972, wakiwa njiani kurejea. Walikuwa na watoto waliozaliwa Tanzania, wanaokwenda nyumbani wasikokujua. Sijui jengo lingine mkoani lililobeba kuagana kwingi kiasi hicho.

Sasa mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora, kilomita 506, umeshatiwa saini, na ni haki ya Kigoma kuipata baada ya kungoja muda mrefu hivyo. Ombi langu ni kwamba jumba hili lisiachwe likaoza kwa kuwa treni mpya ina stesheni yake. Litunzwe, liezekwe, na watoto wa shule waletwe waoneshwe.

Kwenye stesheni nyingine za Reli ya Kati abiria huchungulia dirishani, hununua kuku Saranda, asali Tabora, chumvi Uvinza, kisha safari inaendelea. Kigoma hakuna wa kuchungulia. Wote wanashuka, na mabehewa yanabaki matupu mpaka yaanze kupandishwa madumu ya mawese na magunia ya dagaa.