Banda la Uani katika Historia ya Dar es Salaam
Katika Oyster Bay, mtaa ambao serikali ya kikoloni ya Waingereza iliutenga kwa makazi ya Wazungu, viwanja vilikatwa vikubwa, na nyuma ya nyumba kuu kwa kawaida lilijengwa banda la uani, yaani vyumba vilivyojitenga vya mtumishi, ambaye kwa namna hiyo alilala Uzunguni, kama ulivyoitwa mtaa wa Wazungu, bila kuhesabiwa mkazi wa huko. Baada ya uhuru, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kupangisha nyumba, na kwa hiyo hata banda la namna hiyo. Lakini mishahara ilipopoteza thamani katika miaka ya 1980, watumishi wengi wa umma, wakubwa kwa wadogo, waligeukia nyua zao, wakafuga kuku. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwaruhusu viongozi kupangisha tena.