Ng'ombe wa Nundu wa Kisiwa cha Pemba

Mtazame vizuri: umbo dogo, pembe fupi, nundu juu ya mabega. Huyu ni zebu, ng'ombe wa kienyeji wa Pemba. Asili ya ng'ombe wa nundu ni Asia, katika bonde la mto Indus.

Huko Pemba zebu amekuwa mvuta gari, mtoa maziwa na samadi ya shamba. Katika vijiji kama Kengeja na Wingwi ni mchezaji pia. Wakati wa kaskazi fahali hufungwa kamba ndefu, ngoma hupigwa, na vijana humchokoza kwa kitambaa. Wengi huunganisha mchezo huu na Wareno, waliotawala pwani hii karne ya 16 na 17. Fahali hauawi, jioni hurudi bandani.

Maziwa ya zebu ni machache, ndiyo maana wafugaji humchanganya na Friesian au Jersey kwa uhimilishaji. Lakini chotara hao hudhoofishwa upesi na joto, kupe na maradhi ya ndigana kali, mambo ambayo zebu huyastahimili zaidi. Sifa hiyo, iliyojengeka kwa vizazi vingi, hainunuliki.

Mfugaji, unapopandisha mbegu ya kigeni, bakiza dume la kienyeji zizini.